Bomu la Mazrui Lingeshikwa na Nani?

Mwishoni mwa 1979 mtu wa Mombasa alipewa redio ya BBC kwa mihadhara sita, na katika ule wa mwisho akawaambia Waingereza kwamba Afrika inafaa kuwa na bomu la nyuklia. Hakuwa mwanajeshi, na hakuwa amelewa. Alikuwa Profesa Ali Mazrui, na alikuwa anazungumzia jinsi ya kuondoa mabomu yote duniani.

Soma hiyo tena polepole. Alitaka tulipate ili liishe.

Mihadhara hiyo inaitwa Reith na iko mtandaoni mpaka leo, bure. Mwaka wa 1980 ilitoka kama kitabu, The African Condition. Mimi niliisikiliza kwa simu, mmoja mmoja, hapa Muthurwa na kelele za makanga nje, na wiki nzima sikuwa na stori nyingine. Nimekuwa nikibishana na mzee ambaye hawezi kunijibu, na haya ndiyo mabishano yenyewe.

Kwanza, kama humjui. Mazrui alizaliwa Mombasa 1933, kwenye ukoo ule ule uliotawala mji huo kutoka Fort Jesus mpaka Sultani wa Oman na Zanzibar alipowang'oa mwaka wa 1837. Alipofanya mtihani wa Cambridge School Certificate, matokeo hayakutosha kumwingiza Makerere. Baadaye alipitia Manchester, Columbia na Oxford, akarudi Makerere akiwa profesa. (Sisi tulioacha chuo tunaipenda hii sehemu kuliko inavyofaa, najua.) Zama za Idi Amin zikamtoa Uganda, akahamia Marekani, akafariki huko Oktoba 2014, na mwili ukarudishwa Mombasa kuzikwa kwenye makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus.

Sasa hoja yake. Mkataba wa 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia uliwaachia watano mabomu yao, ukawakataza wengine wote, na kwa malipo hao watano wakaahidi kujadiliana kwa nia njema ili nao wayaache. Miaka 11 baadaye Mazrui aliangalia akaona mabomu yameongezeka. Akasema hawa hawataacha kwa kuombwa. Kinachowatisha kweli ni bomu likiwa mikononi mwa mtu wasiyemwamini. Basi wachache wa dunia ya tatu wakilipata, wakubwa wataingiwa na hofu ya kweli, na hofu hiyo ndiyo itawafanya wakubali lipigwe marufuku kwa kila mtu. Alilifananisha na chanjo: unaingiza ugonjwa kidogo ili mwili ujifunze kuukataa. Na alitaja nchi. Nigeria. Zaire. Afrika Kusini, siku itakapokuwa chini ya utawala wa Weusi.

Ukisikia hivyo leo unaweza kucheka. Lakini weka akilini mwaka wenyewe. Tarehe 22 Septemba 1979, wiki chache tu kabla ya mihadhara kuanza, setilaiti ya Marekani iitwayo Vela iliona mwanga wa ghafla ukipiga mara mbili kwenye bahari ya kusini kabisa, chini ya Afrika. Mwanga wa namna hiyo ni alama ya mlipuko wa nyuklia. Wengi waliochunguza ushahidi wanaamini ilikuwa Israeli, pengine pamoja na makaburu wa Afrika Kusini, na hakuna aliyewahi kukiri. Kwa hivyo Mazrui aliposimama pale, bomu lilikuwa tayari linanukia Afrika, na aliyekuwa nalo ni serikali iliyowapiga risasi watoto wa shule Soweto miaka mitatu nyuma.

Na haikuwa mara ya kwanza. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, jangwani Algeria, tarehe 13 Februari 1960. Ghana ilikuwa imepiga kelele kabla, ikapuuzwa, kisha ikazuia mali za Wafaransa. Nigeria, ikiwa na miezi michache tu ya uhuru, ikakata uhusiano na Ufaransa Januari 1961. Ufaransa ikaendelea tu. Kufikia 1966 ilikuwa imelipua mabomu 17 Algeria, na mengine yalilipuliwa baada ya Algeria kuwa nchi huru. Mwaka wa 1964 viongozi wa Afrika walikutana Cairo wakatangaza kwamba bara letu halitaki silaha za nyuklia. Tangazo zuri. Mazrui alisoma tangazo kama hilo na kujiuliza, nani ameogopa?

Hapo ndipo nilipomwelewa. Nenda kinyozi yeyote huku Eastlands uanzishe hii stori, utapata mtu wa kukwambia hivyo hivyo, na hajawahi kusikia jina la Mazrui. Atakwambia Gaddafi aliacha mpango wake wa nyuklia Desemba 2003, akasifiwa, na Oktoba 2011 akauawa kama mbwa barabarani. Atakwambia Ukraine ilikubali mwaka wa 1994 kuacha mabomu yaliyobaki kwake baada ya Sovieti kuvunjika, ikapewa karatasi ya ahadi, na tumeona karatasi hiyo ilifanya nini 2014 na 2022. Halafu atauliza mbona hakuna anayegusa Korea Kaskazini. Na mikasi inaendelea kulia, kwa sababu hakuna mtu mle ndani aliye na jibu la haraka.

Sasa toa neno bomu, weka neno moshi. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya gesi zinazochafua anga. Kati ya 2020 na 2023 Pembe ya Afrika ilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo, na wanasayansi wa World Weather Attribution walipochunguza walisema mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame huo uwezekane angalau mara 100 zaidi. Mifugo ilikufa Marsabit, Wajir na Garissa kama kwamba ilinyweshwa sumu. Wenye moshi waliahidi nini? Kule Copenhagen, 2009, walisema watatoa dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020. Wakafikisha 2022, kwa hesabu waliyojifanyia wenyewe, na sehemu kubwa ni mikopo. Yaani amekuchomea nyumba, halafu anakukopesha mabati. Baku, mwaka wa 2024, nchi zetu ziliitisha trilioni 1.3 kwa mwaka. Ahadi iliyotoka ni bilioni 300, kufikia 2035.

Na sisi Nairobi tuna makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, tangu miaka ya 70. Wako Gigiri. Septemba 2023 viongozi wa Afrika walijaa KICC, mtu wa Muthurwa anaweza kutembea mpaka huko, wakatoa Azimio la Nairobi lililoitisha ushuru wa kaboni wa dunia nzima. Mikono yetu ni safi na hoja yetu ni nzito, na hakuna aliyeogopa. Kwa hivyo mzee aliona vizuri. Ugonjwa aliutaja kwa jina lake: mwenye nguvu humsikiliza anayeweza kumuumiza.

Shida yangu ilianza nilipofika kwa ile orodha ya nchi. Zaire, manze?

Ngoja tukae hapo kidogo, kwa sababu hii sehemu inatuhusu sisi tunaoongea Kiswahili kuliko tunavyofikiria. Urani iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima, Agosti 1945, sehemu yake kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Mgodi ule ulikuwa maajabu. Mawe yake yalifika asilimia 65 ya urani, wakati migodi ya Marekani na Kanada ilifurahia hata asilimia 1. Bosi wa kampuni ya Kibelgiji, Edgar Sengier, alikuwa ameshasafirisha tani karibu 1,200 mwaka wa 1940 na kuziweka kwenye ghala Staten Island, New York. Septemba 1942 jeshi la Marekani lilipokuja kuuliza wapi wanaweza kupata madini hayo, yalikuwa tayari yako kwao. Biashara ikafungwa haraka.

Waliochimba walikuwa Waafrika, na lugha ya kazi kwenye migodi ya Katanga ilikuwa Kiswahili. Hawakuambiwa wanachimba nini. Walibeba mawe yale kwa mikono. Kila Agosti dunia inakumbuka Hiroshima, na ni sawa ikumbuke, lakini ni mara ngapi umesikia jina Shinkolobwe? Shimo lilizibwa kwa zege karibu na uhuru wa Kongo, kisha watu wenye njaa wakarudi kuchimba kobalti kwa mkono, na Julai 2004 sehemu ya mgodi ikaporomoka ikawaua baadhi yao. Kobalti ni ile ya betri. Ya simu yangu, na ya yale magari ya umeme tunayoambiwa yatatuokoa na tabianchi.

Sasa rudi kwa Mazrui. Mwaka wa 1979 Zaire ilikuwa ya Mobutu Sese Seko, miaka 14 madarakani. Nchi iliyotoa urani ya bomu la kwanza, akasema profesa, kwa nini isiwe na lake? Kuna haki fulani katika wazo hilo na ninaihisi. Lakini nchi hiyo ilikuwa na kinu cha nyuklia tayari, kidogo, cha utafiti, pale Chuo Kikuu cha Kinshasa. Kilianza kazi 1959 na kilikuwa cha kwanza Afrika. Vijiti viwili vya fueli vikapotea kutoka mle. Kimoja kilinaswa na polisi wa Italia mwaka wa 1998, mikononi mwa mafia. Cha pili hakijulikani kiliko. Chuo chenyewe kiko juu ya kilima, Mont Amba, ambacho mvua inakila kwa mmomonyoko mwaka baada ya mwaka.

Hivyo ni vijiti viwili tu. Fikiria bomu. Fikiria Mei 1997, waasi wa Laurent Kabila wametembea kutoka mashariki mpaka Kinshasa, wengi wao watoto wa bunduki walioitwa kadogo, gambuti mguuni na Kiswahili mdomoni, Mobutu amekimbia, askari wake wanavua sare na kutupa mitaroni. Halafu mahali fulani mle mjini kuna chumba chenye kufuli, na ndani kuna ile "chanjo" ya Mazrui. Nani ana ufunguo? Miezi michache baadaye Mobutu amekufa Rabat. Mwaka uliofuata nchi imeingia vita vilivyovuta majeshi ya nusu ya majirani zake.

Ile Afrika Kusini aliyoingoja nayo ilimfanyia mchezo. Makaburu walitengeneza mabomu sita na walikuwa wanaunda la saba. Walipoona utawala unaelekea kwa Weusi, wakayafungua yote kimyakimya, wakajiunga na ule mkataba wa 1968 mnamo 1991, na Machi 1993 F. W. de Klerk akasimama bungeni kutangaza kwamba yalikuwepo na sasa hayapo. Ndiyo nchi pekee iliyojitengenezea mabomu ya nyuklia na kuyavunja yenyewe. Mandela akarithi nchi bila bomu. Je, makaburu walifanya hivyo kwa upendo wa amani, au hawakutaka Mweusi alishike? Naona majibu yote mawili ni kweli, na la pili lina uzito zaidi. Hapo Mazrui alikuwa sahihi kabisa kuhusu hofu yao. Ila hofu hiyo iliondoa mabomu sita ya Afrika, haikugusa hata moja la Washington au Moscow.

Kituo kilikotoka mpango huo kinaitwa Pelindaba, jina ambalo kwa Kizulu ni kama kusema stori imeisha. Mkataba wa Afrika wa kukataa silaha za nyuklia ukapewa jina hilo hilo, ukatiwa saini Cairo Aprili 1996, na kuanza kufanya kazi Julai 2009. Kenya imo.

Lakini kitu kinachonisumbua zaidi kwenye mhadhara ule ni kaneno kadogo. Sisi. Sisi tuwe na bomu, sisi tuogopwe. Sisi nani?

Nyumba za Muthurwa zilijengwa na wakoloni kulaza Waafrika waliofanya kazi kwenye reli. Chumba kimoja, familia nzima, choo na mfereji nje kwa wote. Uhuru ukaja na reli ikawa "yetu". Mwaka wa 2010 watu waliokuwa wameishi hapa maisha yao yote, wengine wastaafu wa reli hiyo hiyo, walipewa notisi wahame. Walikwenda Mahakama Kuu, na Agosti 2013 jaji akasema haki zao zimekiukwa, na akashangaa kwamba nchi hii haikuwa hata na sheria ya kusema mtu anaondolewaje kwake. Sasa, katika ile "sisi" ya mwenye nguvu za kuogopwa, mtu wa Muthurwa anakaa wapi? Mbele ya bomu au nyuma yake?

Au chukua 2024. Mafuriko ya Aprili na Mei yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Serikali ikaamuru wanaoishi kando ya mito waondoke, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru kabla watu hawajamaliza kuanua magodoro yaliyolowa. Kwenye mikutano ya nje, Kenya ilikuwa mwathiriwa wa tabianchi, na ni kweli. Huku mtoni, mwathiriwa alikuwa anaonekana kama uchafu wa kufagiliwa. Mtu mmoja anaweza kuwa sura ya huruma kwenye hotuba ya asubuhi na shabaha ya kanjo jioni, na serikali haioni tatizo lolote.

Mwaka huo huo, watu wa Uyombo kule Kilifi walipigwa na polisi kwa kukataa kinu cha umeme wa nyuklia kijijini kwao, kando ya mkondo wa Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Umeme si bomu, usinielewe vibaya, na kuna hoja za kweli za kusema nyuklia haitoi moshi. Ingawa nchi ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake tayari unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua inafaa kuelezwa polepole kwa nini inakimbilia huko. Wavuvi wa Uyombo waliuliza maswali ya kawaida sana. Taka zitawekwa wapi? Bahari ikipanda? Walijibiwa kwa rungu, na baadaye serikali ikageuza macho Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Hii ni pwani ya Mazrui mwenyewe. Ukoo wake ulipotolewa Mombasa, tawi moja lilihamia Takaungu, papo hapo Kilifi. Ningependa sana kujua angewaambia nini wale wavuvi.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kumlaumu nalo, kwa sababu lilijulikana baada yake. Mwaka wa 1983 Carl Sagan na wenzake walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba miji ikiungua kwa mabomu, masizi yatapanda juu kuliko mawingu, mahali mvua haiwezi kuyaosha, na kuzuia jua kwa muda mrefu. Hesabu hizo zimeboreshwa tangu hapo. Mwaka wa 2022 jarida la Nature Food lilitoa utafiti unaokadiria kwamba vita vya India na Pakistan pekee vinaweza kuua zaidi ya watu bilioni 2, wengi wao kwa njaa, mbali kabisa na vita vyenyewe. Marekani na Urusi zikipigana, zaidi ya bilioni 5. Sababu ni mazao. Baridi kidogo, mvua kidogo, misimu michache mfululizo.

Mkulima wa Kitale hahitaji bomu limpate. Anahitaji tu mahindi yasiote miaka mitatu. Sisi ambao gunia likipanda bei kidogo ugali unapungua sahani, tunajua hiyo hesabu haina mbwembwe. Kwa hivyo watu wanaotenganisha mambo haya mawili, wanaharakati wa mabomu huku na wa tabianchi kule, wanazungumzia anga ile ile moja. Bomu ni mabadiliko ya tabianchi yanayofika kwa wiki moja. Na chanjo ya Mazrui inaanguka hapo, kwa sababu dozi ndogo ya ugonjwa huu haibaki kwenye mkono uliodungwa.

Kwani njia nyingine ilileta nini? Kidogo, lakini si sufuri. Mabomu duniani yalifika karibu 70,000 mwaka wa 1986 na leo ni kama 12,000. Yaliyopunguza ni makubaliano ya Marekani na Sovieti, baada ya miaka ya watu kujaa barabarani. Juni 1982 karibu watu milioni moja waliandamana New York. Hakukuwa na bomu la Nigeria la kumtisha mtu. Mwaka wa 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ya The Hague inayosikiliza nchi na si ile ya kina Ocampo, ilisema kutumia silaha hizi kwa kawaida kutakiuka sheria, ikasitasita kuhusu nchi iliyo karibu kuangamia, lakini kwa sauti moja ikasema wenye mabomu wana wajibu wa kujadiliana mpaka wafike mwisho wa kuyaondoa. Mwaka wa 2017 nchi 122 zilipiga kura kuyapiga marufuku kabisa. Nchi tisa zenye mabomu hazikuja hata mkutanoni.

Halafu kuna Vanuatu. Visiwa vidogo vya Pasifiki, hata jeshi la maana hawana. Mwaka wa 2019 wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha eneo hilo, watoto wa rika langu, walianza kusukuma serikali zao zipeleke swali la tabianchi kwenye mahakama hiyo hiyo. Vanuatu ikalibeba mpaka Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Tarehe 23 Julai 2025 majaji wakasema nchi zina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa, na inayokiuka inaweza kudaiwa fidia. Ni maoni, hayana polisi. Lakini soma nyaraka za kesi za mazingira zitakazofuata popote, pamoja na hapa Milimani, utayakuta mle. Mazrui alidhani wenye nguvu husikiliza hofu tu. Hawa walipata njia ya kuwafanya wasikilize wakiwa wamekaa na mawakili, wakijibu kwa maandishi.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba Afrika isiyo na nyuklia imekamilika. Chukua ramani iliyoambatishwa kwenye Mkataba wa Pelindaba, tafuta katikati ya Bahari ya Hindi, mashariki ya sisi hapa. Utaona visiwa vya Chagos vimo, na Diego Garcia ina maelezo madogo pembeni ya kusema kwamba kuiweka pale hakuamui ni ya nani. Uingereza ilisema haikubali ihesabiwe. Marekani, yenye kambi ya kijeshi hapo, ilitia saini itifaki za Pelindaba mwaka wa 1996 na mpaka leo Seneti yake haijaziidhinisha. Mwaka wa 2025 ndege za B-2, zinazoweza kubeba mabomu ya nyuklia, zilikuwa zimepangwa kwenye uwanja wa kisiwa hicho.

Ili kambi ijengwe, wenyeji kati ya 1,500 na 2,000 walihamishwa kati ya 1968 na 1973, wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Hawakuambiwa kosa lao. Mei 2025 Uingereza ilitia saini makubaliano ya kuirudishia Mauritius visiwa hivyo, huku kambi ikibaki kwa miaka 99. Sehemu kubwa ya Diego Garcia haifiki hata mita 2 juu ya bahari. Kwa makubaliano hayo Mauritius inaweza kurudisha watu kwenye visiwa vile vingine. Diego Garcia, hapana.